Leo Hatukumwaga Maji: Risala ya Umoja wa Wasaga Mawe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Ndugu Meneja wa Machimbo na maofisa wako,
Daktari na wauguzi,
Wazee wenzetu, kina mama, na ninyi mliosimama kwa kuwa viti havikutosha,

Kukukaribisha

Mheshimiwa, karibu sana. Umefika saa nne kasoro robo, kabla ya wakati uliopangwa, na jambo hilo limetufurahisha sisi wazee, maana tumezoea kungojea wageni mpaka kivuli cha mtambo kihamie upande wa pili wa uwanja.

Tunaanza kwa kukuomba radhi. Viatu vyako vilikuwa vyeusi uliposhuka kwenye gari, na sasa ni vyeupe. Kiti ulichokalia kilifutwa mara tatu asubuhi hii, na kama kingefutwa mara ya nne kingekuwa vilevile. Glasi yako ya maji tumeifunika kwa sahani. Tunakuomba usiifunue mpaka utakapotaka kunywa, na ukishakunywa uifunike tena. Haya hayakutokea kwa uzembe. Yalijadiliwa mkutanoni na kupigiwa kura, na sababu yake tutaieleza mbele, kwa utaratibu.

Sisi ni nani

Sisi ni wastaafu, wajane na watu walio kazini bado. Jumla yetu ni mia moja na kumi na wawili. Kazi yetu ni kokoto. Jiwe hupasuliwa kwa baruti kule juu, huletwa kwa lori, humwagwa kwenye mdomo wa mtambo, husagwa, hupanda kwa mkanda, kisha huangukia kwenye chekeche, yaani wavu wa chuma unaotikisika kutenganisha kokoto kubwa na ndogo. Kokoto zetu zimo kwenye barabara uliyopita leo, zimo kwenye daraja, na kama hatukosei zimo kwenye zege linaloshikilia ofisi yako. Hatusemi hivyo kwa majivuno. Au tuseme kweli: tunasema kwa majivuno kidogo.

Mtambo ulianza kusaga miaka arobaini na mitatu iliyopita. Siku ya kwanza waliandikishwa vijana arobaini na mmoja, na anayesoma risala hii alikuwa wa thelathini na nane kwenye orodha. Karibu wote tulitia dole gumba. Baadaye karani wa mizani alitufungulia darasa la jioni kwenye chumba cha nyuma cha ghala. Neno la kwanza alilotufundisha kuandika lilikuwa "kokoto", kwa sababu lina herufi tatu tu tofauti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Risala hii imeandikwa kwa elimu ya chumba kile. Tumeiandika mara nne, na hatukumpa mtu wa nje airekebishe.

Daftari la mahudhurio la siku ile tunalo hapa mezani. Kati ya majina arobaini na moja, thelathini na matano yamepigwa mstari. Tumebaki sita.

Tunayojivunia

Zahanati yetu tuliijenga kwa mikono yetu, siku za mapumziko, na haijapata ufa. Watoto wetu wote wamesoma, hata kama si wote waliopata kazi. Na jiwe la msingi utakaloliweka leo kwa ajili ya wodi mpya ya wagonjwa wa kifua limechongwa na fundi wetu tunayemwita Patasi. Alilichonga kwa siku kumi na tisa. Alipumzika kila baada ya mstari mmoja wa maandishi, kwa kuwa pumzi yake haimruhusu mistari miwili. Ukilitazama vizuri utaona herufi ya mwisho ya jina lako imepinda kidogo. Tulimwambia airekebishe, akakataa. Alisema, "Mwacheni aone nilipochokea."

Patasi hayupo hapa. Amelala nyumba ya tatu kutoka kwenye kona, madirisha wazi, na anatusikia kwa kipaza sauti. Mzee mwenzetu, tunakusalimu.

Kosa letu

Mheshimiwa, risala nyingi hutaja makosa ya serikali. Sisi tunataka kutaja la kwetu.

Hatua mia mbili kutoka kwenye mtambo lipo shimo la zamani lenye maji yasiyokauka. Ipo pampu, na lipo bomba linalokuja mpaka juu ya mtambo. Vyote viliwekwa tangu mwanzo, ili jiwe lisagwe likiwa limelowa na vumbi lisipande. Mlinzi wa pampu ni mzee tunayemwita Bomba, naye ni mmoja wa wale sita. Koki kubwa ya maji hufunguliwa kwa mkono wa chuma. Mkono huo huchomoka, na Bomba hukaa nao mfukoni.

Hukaa nao mfukoni kwa sababu siku za kazi hautumiki. Jiwe lililolowa hugandamana kwenye chekeche, chekeche lazima lisimamishwe na kusafishwa kila baada ya saa mbili, na kwa siku hupotea lori mbili za kokoto. Mameneja waliopita walisema maji yanakula muda, nasi tukakubali. Meneja wa sasa ana mwaka wa pili tu hapa. Hakuianzisha desturi hiyo, aliikuta.

Lakini mgeni akitangazwa, Bomba hufungulia maji tangu alfajiri. Uwanja hulowa, majani huoshwa, anga husafishika. Mgeni hufika akavuta hewa yenye harufu ya mvua. Hakuna aliyetuamuru. Kila mmoja wetu alilelewa kufagia kabla mgeni hajaingia, na huku ndiko kufagia kwetu. Tuliwamwagia maji wakuu waliokuja kututembelea. Tuliwamwagia wanafunzi wa chuo. Tuliwamwagia hata wakaguzi wa afya kazini, ambao kwa kumbukumbu yetu wamefika mara saba, na mara saba wameandika kwamba hali ya hewa kwenye mtambo inaridhisha. Taarifa yao iliposomwa tulipiga makofi.

Kwa hiyo katika miaka arobaini na mitatu hakuna kiongozi aliyewahi kuliona vumbi letu. Tulilificha sisi wenyewe, kwa adabu.

Kosa la pili liko karibu na hilo. Miaka sita iliyopita alikuja mtangulizi wako, tukamsomea risala. Tulikuwa tumezika watu wanne mwaka ule, na mioyo yetu ilikuwa hospitali. Tuliomba vitanda. Hatukutaja maji hata kwa neno moja, na siku hiyo maji yalikuwa yakitiririka nyuma ya jukwaa. Aliyeiandika risala ile ndiye anayeisoma hii. Serikali ilisikia, na leo wodi inakuja, vitanda ishirini na vinne. Tunashukuru kwa dhati. Ulichokileta ndicho tulichokiomba, na hatuwezi kukulaumu kwa kututimizia.

Ndiyo sababu, ulipotangazwa wewe, tulikaa mkutano. Mwenyekiti wetu ni mjane aliyefanya kazi kwenye chekeche miaka ishirini na miwili, naye tunamwita Mama Chekeche. Alianza kama kawaida.

"Waziri anakuja Ijumaa. Bomba, utafungulia saa ngapi?"

"Sifungulii," akasema Bomba.

"Hufungulii nini?"

"Maji. Sifungulii."

Mke wa Patasi akasimama. "Wewe shemeji umeanza kuota mchana? Waziri atoke hapa kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga? Aibu hiyo ataibeba nani?"

"Nitaibeba mimi, shemeji. Nimebeba mifuko ya saruji mizito kuliko hiyo."

"Ya lini? Wewe siku hizi hata ndoo unasaidiwa!"

Watu wakacheka. Wakicheka wakakohoa, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuliko kicheko. Mama Chekeche akangoja. "Kohoeni mmalize," akasema, "tuendelee."

Mmoja wa vijana wa mkanda akasema kwa upole, "Lakini Babu, mgeni hafanyiwi hivyo."

Bomba akautoa mkono wa koki mfukoni akauweka mezani. Tuliusikia ukilia kwenye mbao. Akasema, "Nimewafungulia wageni mara thelathini na tisa. Nimehesabu. Wenzangu nilioandikishwa nao siku moja, sikuwafungulia hata mara moja kwa ajili yao. Wamekwenda thelathini na watano. Sasa niambie wewe, mjukuu wangu, mgeni ni nani na ndugu ni nani."

Tulipiga kura. Waliotaka koki ibaki imefungwa leo walikuwa sitini na wanane. Mke wa Patasi alipiga kura ya hapana kwa niaba yake mwenyewe, na ya ndiyo kwa niaba ya mumewe aliyemtuma.

Hivyo ndivyo viatu vyako vilivyopata rangi hiyo, Mheshimiwa. Umekaa nasi muda wa nusu saa. Zamu yetu huchukua saa tisa.

Yanayotusumbua

Mwaka ule ule tulioandikishwa sisi, ofisi iliajiri watu kumi na mmoja. Walikula chakula kama chetu, walikunywa maji ya kisima kimoja nasi, na wengine walioa dada zetu. Wanane wako hai, na mmoja amekuja leo kwa baiskeli, yule pale mwenye kofia. Katika thelathini na watano wetu waliofariki, ishirini na sita hawakufika miaka sitini.

Watumishi wa ofisi hupigwa picha ya kifua kila mwaka. Gari la hospitali huwafuata hapa hapa. Sisi hupigwa picha tukishaanguka. Hatuna kinyongo nao. Tunachosema ni kwamba gari hilo hupita mbele ya mtambo likienda ofisini, na hupita tena likirudi, na halijawahi kusimama.

Tunaomba uruhusu mfano wa mtu mmoja. Msomaji wa risala hii alifanya kazi kwenye mkanda kwa miaka mitatu. Alipojua kuandika vizuri, alihamishiwa chumba cha mizani kushika nafasi ya mwalimu wake. Chumba kile kina dirisha la kioo. Alikaa nyuma ya kioo miaka ishirini na minane, akiandika namba za malori, mpaka alipostaafu. Sasa ana miaka sabini na mmoja, na anapanda ngazi bila kusimama njiani. Wenzake hawakuwa dhaifu. Patasi alikuwa akimbwaga kwenye mieleka kila Jumamosi. Msomaji hakunywa dawa ambayo wao hawakuinywa, na sala zao hazikuwa fupi kuliko zake. Kilichomlinda ni kioo, unene wake milimita nne. Bomba naye yuko hai kwa kuwa pampu iko mbali na mtambo. Ukitaka kujua kinga ya afya ina sura gani, Mheshimiwa, tuna wazee wawili wa kukuonyesha, na hakuna kati yao anayejisikia shujaa.

Wengi wetu tumetibiwa kifua kikuu mara mbili na mara tatu, na makohozi yetu hayakukutwa na vijidudu. Daktari aliyeko hapa ametueleza bila kutuficha. Vumbi la jiwe likishaingia ndani ya mapafu, hakuna dawa ya kulitoa. Wodi itatupa hewa ya mtungi, shuka safi na mtu wa kutushika mkono. Kwa Patasi hilo ni jambo kubwa, na tunaomba apate kitanda cha kwanza, karibu na dirisha. Ila wodi haiwezi kumrudisha mtu alikotoka.

Tunaelewa pia ugumu wa kazi yako. Nesi wetu wa zahanati, ambaye mashine yake ya kupimia presha imekufa tangu mwaka juzi na huazima ya jirani, alituambia hivi: "Nikimpima mtu nikamwahi kabla hajaanguka, hakuna anayejua. Akianguka, linakuja gari lenye king'ora, na mtaa mzima unatoka nje kutazama." Tukaona ameisema siasa yote. Wodi inaonekana. Ina utepe wa kukata na jiwe lenye jina. Mtu ambaye hakuugua hana utepe. Anapita njiani na kikapu chake akienda zake, na hakuna anayempigia makofi, hata yeye mwenyewe hajui kwamba ameokolewa. Ndiye huyo tunayekuomba umsemee bungeni, kwa sababu yeye hatakuja kukushukuru.

Jambo la mwisho katika sehemu hii tulilijadili kama linafaa kuandikwa, maana risala ni ya wote. Kwenye chekeche wapo wanawake kumi na wanne. Mmoja ni kitindamimba wa msomaji, ana miaka thelathini na mmoja na watoto wawili. Aliingia kazini baada ya kufiwa na mumewe. Baba yake ndiye aliyemwombea nafasi hiyo, akaenda ofisini amevaa koti, na alipokubaliwa alitoka akiwa na furaha. Mwezi uliopita Nesi alimpeleka hospitali kupigwa picha kwa sababu ya kikohozi. Daktari ameona alama juu ya mapafu yote mawili, ndogo kama chembe za mchele. Amesema asipoendelea kuvuta vumbi, huenda zikabaki hivyo hivyo na akazeeka. Akiendelea, hapana. Alipoulizwa kama anaweza kuacha kazi, alijibu, "Daktari, watoto wangu wanakula kila siku."

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, anaingia zamu.

Katibu, ndiye huyu anayesoma, alitaka kuifuta aya hii. Mama Chekeche akamzuia. "Iache," akasema. "Wote kumi na wanne ni binti zako. Huyo mmoja ndiye tu aliyepigwa picha."

Tunayoyaomba

Tunaomba jiwe lisisagwe kavu, hapa wala kwenye machimbo mengine yoyote nchini, na jambo hilo liwe sheria, lisitegemee huruma ya meneja. Lori mbili zitakazopotea kwa siku, zipotee. Chekeche tutalisafisha sisi, na tutalisafisha haraka.

Tunaomba wakaguzi waje bila kututangazia. Tafadhali, Mheshimiwa, lisisitize hili. Sisi tukitangaziwa tunafagia, ndivyo tulivyo, na hatuna hakika kwamba tutakuwa na ujasiri wa leo mara ya pili.

Tunaomba gari la picha lisimame kwenye mtambo kabla ya kufika ofisini, na Nesi apate mashine yake. Na unapokaa na wenzako kugawa fungu la afya, kabla ya kuulizana vitanda viongezwe vingapi, muulizane kwanza ni watu wangapi mnaweza kuwafanya wasivihitaji, na muanze na wale walio karibu zaidi na vumbi, sio wale walio karibu na barabara ya lami. Wodi yetu tunaitakia maisha marefu, izeeke ikiwa na vitanda vitupu.

Zawadi

Kwa desturi yetu mgeni hupewa jiwe lililochongwa. Wageni thelathini na tisa wameondoka na mawe yetu. Leo mzee Bomba atakukabidhi mkono wa koki. Ni mzito, tafadhali upokee kwa mikono miwili.

Hatukupi uende nao. Tunakuomba, kabla ya kuweka jiwe la msingi, utembee nasi hatua mia mbili mpaka kwenye pampu. Uuchomeke mkono huu mahali pake, uuzungushe, usikie maji yakianza safari. Fundi wa kuchomelea anatungojea pale na mashine yake. Ukishafungua, yeye atauchomelea usichomoke tena, usikae mfukoni mwa mtu, na kila anayeingia zamu aweze kufungua maji kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu Meneja, tunakuomba utembee naye bega kwa bega. Hatutapiga makofi mpaka tuyaone maji juu ya mtambo. Hapo ndipo mtakapotusikia, na Patasi naye atatusikia kutoka kitandani.

Ikiwa haitawezekana leo, basi tuna ombi dogo. Usifute viatu vyako mpaka ufike kwenye meza yako.

Mwenyezi Mungu akupe miaka mingi na pumzi ya kuitosha. Awalinde wa nyumbani kwako wanapolala na wanapoamka. Na sisi atujalie Jumatatu yenye matope.

Ni sisi,
Umoja wa Wasaga Mawe,
watu mia moja na kumi na wawili, pamoja na thelathini na watano waliomo daftarini.

Imesomwa na Katibu, wa thelathini na nane kwenye orodha.